Meza Namba Tisa

Ukitaka kuwagombanisha Wana Pomboo, waulize swali moja tu: Kijiji cha Pomboo kinaingiwa saa ngapi? Mmoja atakwambia saa tatu kamili, geti likifunguliwa tu, kabla watoto wa shule hawajayachafua maji. Mwingine atakwambia saa nane, jua likishageuka, kwa sababu ule mtelezo mrefu wa kijani wanaouita Nyoka hushinda juani, na ukiupanda adhuhuri unafika chini mapaja yameiva. Wa tatu atatuma sauti ya dakika nne kueleza kwamba chipsi za kibanda cha nyuma hukaangwa kwa mafuta mapya siku ya Jumanne, na kwamba ile ndoo kubwa ya juu humwaga maji kila baada ya dakika kumi na moja, si kumi kama ubao unavyodai, amepima mwenyewe. Watu wazima hao, wana ndevu na wajukuu. Bustani moja ya maji na michezo, pale ufukweni ukishapita Kerege kutokea Bagamoyo, imewarudisha utotoni na wala hawaoni haya.

Kundi lao la WhatsApp lilianzishwa na Mwanajuma, mpambaji wa maharusi wa Bagamoyo mjini, mwanamke wa miaka hamsini na sita ambaye viganja vyake havikujua siku bila hina. Walimwita Bi Ramani. Akisema njooni Jumanne, watu waliomba ruhusa kazini. Akisema geti la pili halina ngazi, mleteni bibi yenu na kiti chake cha magurudumu, bibi aliletwa. Hakuwahi kumdanganya mtu kuhusu Pomboo. Hilo lilikuwa jambo la kushangaza, maana kwa mambo mengine Mwanajuma alikuwa mwongo wa kawaida, kama sisi sote.

Nasema wa kawaida. Uongo wake ulikuwa ule wa "niko njiani". Nani hajausema? Mtu wa kwetu akikwambia yuko njiani, jua anatafuta kandambili. Akikwambia ameshafika, jua ndiyo kwanza anafunga mlango. Wala hatuuiti uongo. Tunauita kumtuliza mwenzako.

Na Mungu hupanga mambo yake: mwanamke huyo asiyejua saa aliolewa na fundi saa. Bilali alikuwa mrefu, mkimya, mwenye kibanda chake karibu na soko, na huko kibandani saa arobaini zilipiga kwa pamoja. Hawakujaliwa mtoto. Miaka saba iliyopita bibi harusi mmoja alitaka apigwe picha Pomboo, Mwanajuma akaenda kumpambia huko huko, na Bilali akafuata nyuma kubeba masanduku ya vipodozi. Wanawake walipokuwa wanahangaika na shela, yeye alipanda ngazi za Nyoka na kikoi chake kiunoni, akashuka, akazama, akaibuka amebaki na bukta, kikoi kinaelea peke yake, naye anacheka. Mwanajuma alikuwa ameishi naye miaka ishirini na hakuwahi kumsikia akicheka namna ile. Tangu hapo, kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, watu hao wawili walikuwa Pomboo.

Meza yao ilikuwa namba tisa, chini ya paa la makuti, mahali ambapo mtu huona geti, Nyoka na bahari bila kugeuza shingo. Wana Pomboo wana sheria ya meza: anayefika mwanzo hufunga kanga kwenye kiti cha pili, na kiti chenye kanga hakiguswi, hata bustani ifurike. Bilali ndiye aliyetangulia siku zote kuiweka meza. Kanga aliyofunga ilikuwa na jina KAWIA UFIKE, maana hilo ndilo lilikuwa jibu la mkewe kila akiulizwa kwa nini amechelewa. Bilali naye alikuwa na lake, chelewa chelewa utamkuta mwana si wako, akilisema kwa kunong'ona, kwa mzaha. Mwanajuma akishafika, Bilali hakugomba. Alivua saa yake ya mkononi, akaitia mfuko wa shati, na kwa siku hiyo habari ya saa ikawa imekwisha.

Basi Jumamosi moja alituma ujumbe saa tatu na robo: "Meza nimeipata. Uko wapi?"

Mwanajuma alikuwa mbele ya kioo chake, nyumbani, jicho moja lina wanja na la pili halina. Mkononi alikuwa na simu anamweleza mgeni mmoja wa kundi namna ya kukodi maboya ya mto mvivu, ule mfereji wa maji yaendayo polepole. Aliandika haraka haraka: "Niko Kerege. Usiiachie meza mpaka nije." Kisha akarudi kwa yule mgeni, kisha kwenye wanja, kisha akakumbuka hajapiga pasi ushungi.

Alifika saa sita kasorobo. Bilali alikuwa ameketi pale pale, kofia imeshuka machoni, mkono wa kulia umeshika kiwiko cha wa kushoto, uso wa saa ukiwa juu. Mhudumu alikuwa amepita mara mbili akidhani mzee amesinzia. Daktari alisema ni moyo, na akasema, bila nia mbaya maskini, kwamba pengine kama angekuwepo mtu wa kumwona mapema. Hakuimaliza sentensi. Mwanajuma ameimalizia kichwani kila siku.

Siku ya mazishi, kabla jeneza halijatoka, wazee walikuja kumtaka radhi nyuma ya pazia, amsamehe marehemu kabla hajazikwa, kama desturi ilivyo. "Mke wa marehemu, umemuwia radhi mumeo?" Wanawake wote walinyamaza kusubiri lile neno moja linalosemwa na kila mjane tangu enzi. Mwanajuma akafungua kinywa, na kilichotoka ni hiki: "Mwambieni asiondoke. Niko njiani."

Mtu alisema astaghfirullah. Habiba, dada mkubwa wa marehemu, ndiye aliyeokoa jahazi: alipaza sauti upande wa wanaume akasema, "Amemuwia radhi!" Jeneza likanyanyuliwa. Neno la Mwanajuma mwenyewe halikusemwa.

Akaingia eda. Miezi minne na siku kumi ndani ya nyumba, nguo nyeupe, bila hina, bila wanja, bila manukato. Habiba alihamia kwake kumkalia. Simu hakunyang'anywa. Walikuja majirani kunong'ona kwamba eda ya siku hizi ina bando, na Habiba akawajibu kwamba simu haina miguu, haijamtoa mtu nje. Kundi nalo lilimwonea huruma kwa namna yake: kila aliyekwenda Pomboo alimpigia picha Bi Ramani wao, ili asipitwe. Nyoka kapakwa rangi mpya. Kibanda cha nyuma sasa kina mishikaki. Yeye aliangalia, akajibu kwa kifupi, akaweka simu chini.

Siku ya ishirini na mbili Abdulswamad, mwalimu mmoja wa Bunju anayependa kupiga picha kuliko kuogelea, alituma picha ya ile ndoo kubwa ikimwaga maji. Watoto wamefumba macho, mikono juu. Nyuma yao, mbali kidogo, ilionekana meza namba tisa. Kwenye kiti kimoja palifungwa kanga. Kwenye kiti cha pili alikaa mtu, mgongo umeelekea kamera.

Mwanajuma aliikuza picha kwa vidole viwili. Aliijua ile kofia. Ilikuwa kofia ya mkono, aliishona mwenyewe kwa miezi mitano, na upande wa kisogo mstari mmoja wa vitobo ulipinda, kwa sababu siku anaushona alikuwa anagombana na Habiba. Hakuna kofia ya pili duniani iliyopinda pale.

Chini ya picha Abdulswamad alikuwa ameandika: "Meza yako hiyo, Bi Ramani. Tupu kabisa, inakusubiri."

Aliinuka, akaenda kwenye kasha la chumbani. Vitu vilivyorudi kutoka hospitali aliviweka humo yeye mwenyewe: simu ya Bilali imezimwa, saa yake, kofia. Kanga haikurudi, na wakati ule hakuna aliyekuwa na nafasi ya kuuliza habari za kanga. Kofia ilikuwepo. Aliigusa, ilikuwa mbichi. Akaileta puani na ikamnukia dawa ya bwawa.

Sasa hapa mtu mwenye akili angepiga kelele, au angemwita shehe. Mwanajuma hakufanya lolote kati ya hayo, na mimi simlaumu. Alifurahi. Alikaa juu ya mkeka na kofia mbichi mapajani akalia kwa furaha, kwa sababu alidhani amempoteza mume, kumbe anajua alipo.

Jioni hiyo hiyo Bi Ramani aliandika uongo wake wa kwanza kuhusu Pomboo. "Ndugu zangu, meza namba tisa msiikalie. Ina siafu, na paa linavuja. Ila mkipita, nipigieni picha, niione tu." Watu mia mbili wakamwamini, maana walizoea kumwamini. Bustani ikajaa na meza namba tisa ikabaki peke yake, na picha zikaanza kuja, za Jumanne, za Ijumaa, za sikukuu.

Katika kila picha alikuwepo. Kwanza mgongo. Kisha bega, kama anayegeuka kidogo kidogo. Kisha upande wa shavu na ndevu zake za mvi. Mwanajuma alikunywa naye chai ya asubuhi, simu ameiegemeza kwenye kopo la sukari. Alimsimulia habari za mtaani. Zile siku mia na thelathini ambazo wajane wengine huzihesabu zipungue, yeye alianza kuogopa zisije zikaisha, kwa sababu ndani ya eda alikuwa na mume na nje ya eda hakujua angekuwa na nini.

Habiba alimkuta hivyo asubuhi moja. "Unaongea na nani, wifi?" Mwanajuma akamnyooshea simu. Habiba aliitazama ile picha. Kisha akasema polepole, kwa sauti ya mtu aliyesalimiwa, "Wa alaikum salaam." Akairudisha simu, akaenda kuchambua mchele.

Ila picha zilikuwa zinabadilika, na Mwanajuma alijitia haoni. Shati la Bilali lilikuwa limelowa na halikauki, hata picha ipigwe jua kali namna gani. Mabega yalikuwa yameshuka. Alipoonekana uso wote, hakuwa anaiangalia kamera wala bahari wala watoto wanaoshuka Nyoka. Alikuwa anaangalia geti. Katika picha nyingine alikuwa ameinua mkono anatazama saa, na katika iliyofuata, iliyopigwa na mtu mwingine siku nyingine, mkono bado uko juu.

Siku ya mia na kumi na mbili ilikuja sauti ya Swaumu. Swaumu ni mama kijana wa Zinga, ana binti wa miaka mitano anayeitwa Mwanabaraka, na wote wawili wana wazimu wa Pomboo.

"Shikamoo Bi Mwanajuma. Samahani sana, najua ulitukataza ile meza, lakini huyu Mwanabaraka kanichoropoka kaenda kukaa. Namkuta anaongea peke yake! Namuuliza, we, unaongea na nani? Ananiambia, na babu. Eti babu kamuuliza, Kerege ni mbali? Mtoto kamjibu siyo mbali, tumepita sasa hivi. Eti babu kasema, mbona hafiki. Nimecheka mimi! Halafu anasema babu kachoka kukaa, mgongo unamuuma. Watoto hawa na katuni zao. Haya, Bi Mwanajuma, tumekukumbuka kweli kweli."

Mwanajuma aliisikiliza mara tatu. Neno lile la Kerege lilikuwa kwenye simu mbili tu duniani, yake na ile iliyozimwa ndani ya kasha. Hakumwambia mtu. Hata daktari alipouliza alisema foleni ilikuwa kubwa.

Hapo ndipo furaha yake ilipogeuka. Aliona kile alichokuwa amekikataa kwa miezi mitatu: kwamba yule mtu hakukaa pale kumliwaza mkewe. Alikaa kwa sababu aliambiwa asiiachie meza, na yeye Bilali tangu ujana wake alikuwa mtu wa kutimiza alichoambiwa. Aliona aibu, na woga, na huruma.

"Wifi," alimwita Habiba, "maiti anaweza kusubiri?"

Habiba aliweka ungo chini. "Siku ile ya jeneza nilisema kwa mdomo wangu neno lililokuwa la mdomo wako," alisema. "Nilidhani nakusitiri. Tangu siku ile usingizi wangu si usingizi. Radhi haitolewi kwa niaba, wifi. Ulichokifunga wewe, mimi sina mkono wa kukifungua."

"Basi niende kesho."

"Uvunje eda?" Habiba alimkazia macho. "Eda ni haki yake. Umeshamnyima moja, unataka umnyime na ya pili? Zimebaki siku kumi na nane. Kaa."

"Atakaa siku kumi na nane zaidi kwa ajili yangu!"

"Na wewe utakaa kwa ajili yake. Angalau mtakuwa sawa."

Akakaa. Hakuomba picha tena, ila zilikuja tu, na kila ilipoingia alifumba macho kwanza. Kwa mara ya kwanza maishani alijua dakika ilivyo ndefu. Alisikia saa ya ukutani, kazi ya mikono ya Bilali, na akashangaa kuwa ilikuwa ikipiga miaka yote hiyo humo ndani. Alijaribu kujiona yeye ndiye yuko pale mezani, anaambiwa na simu kwamba mtu yuko Kerege, dakika chache tu, anainua macho kila gari linapoingia getini. Mara nyingine alipiga magoti akaomba asamehewe, lakini alijua anayetakiwa kuombwa hayuko juu ya mswala.

Siku ya mia na thelathini ilikwisha. Habiba alimwogesha, akamvisha gauni jipya, akamfukizia udi. Mwanajuma alikataa wanja. Walikuwa wamechagua Jumanne, siku isiyo na umati, kama Bi Ramani alivyowafundisha watu, na Swaumu aliahidi kuja kuwachukua na gari lake saa mbili. Saa moja na nusu Mwanajuma alikuwa barazani, viatu mguuni, mkoba begani. Majirani walipita wakamtazama kana kwamba wamekosea nyumba.

Saa mbili na nusu alimpigia Swaumu.

"Niko njiani, Bi Mwanajuma! Nimefika Kiromo hapa!"

Nyuma ya ile sauti Mwanajuma alisikia maji yanamiminwa kutoka kwenye kopo, na mtoto analia kwamba sabuni imeingia machoni. Alifunga simu taratibu. Habiba alimwona machozi yanamtoka, akauliza kuna nini, naye akasema hakuna, Swaumu yuko Kiromo.

Walifika Pomboo saa nne. Swaumu na mwanawe walikimbilia majini, Habiba akaketi kwenye benchi karibu na geti, akavuta tasbihi. "Nenda peke yako," alisema. "Mimi yangu nilishasema, na haikuwa yangu."

Meza namba tisa ilikuwa kama alivyoiacha. Kanga ilikuwa imefungwa kwenye kiti chake, imepauka kwa jua hadi herufi za KAWIA UFIKE zinasomeka kwa anayezijua tu. Dada mmoja mhudumu, aliyekuwa anapangusa meza ya jirani, alimtambua, akampa pole.

"Hii kanga ni yenu, mama?" aliuliza. "Tunaifungua jioni tunaipeleka stoo kwa vitu vilivyopotea. Asubuhi tunaikuta hapa. Tukasema basi, hawa Wana Pomboo wana mambo yao, tuwaachie."

Mwanajuma alimshukuru, akasubiri aondoke, akaketi kando ya ile kanga. Mbele yake kiti kilikuwa kitupu. Ubao wake ulikuwa na unyevu wa mtu aliyetoka majini, na hapakuwa na mtoto yeyote karibu. Ndoo ilimwaga maji kule, watoto wakapiga kelele. Akaitoa simu mkobani, akaiinua kama anayetaka kupiga picha.

Kiooni alikuwepo. Shati limemgandia kifuani, kofia yenye mstari uliopinda, mashavu yameingia ndani kwa uchovu. Hakumtazama. Macho yake yalipita juu ya bega la mkewe yakaenda getini.

"Bilali," alisema Mwanajuma. "Nimefika."

Hakutikisika.

"Nimekawia, lakini nimefika. Kawia ufike, si ndiyo?"

Bilali aliitazama saa yake, kisha akatazama geti tena, upande wa barabara ya Kerege. Akafanya hivyo mara mbili. Mwanajuma alishusha simu, kiti kikawa kitupu, akaiinua tena, akamkuta vile vile, na ndipo alipoelewa. Alikuwa anamsubiri mwanamke aliyeko Kerege, na mwanamke huyo hakuwahi kuwepo. Angeweza kumsubiri hadi Kiyama.

Alitazama huku na huku kama anayeogopa kusikika. Kisha akalisema.

"Sikuwa Kerege. Nilikuwa nyumbani. Nilikuwa sijavaa, Bilali. Napaka wanja, naongea na watu nisiowajua habari za maboya, na wewe unanisubiri. Nilikudanganya. Ningesema kweli ungeinuka ukaenda kunywa chai na watu, mtu angekuona unaumwa. Ni mimi niliyekukalisha hapa peke yako." Alikuwa analia waziwazi sasa. "Niwie radhi. Mimi nimekuwia radhi, yote, tangu siku ya kwanza. Usinisubiri tena, mume wangu. Iachie meza. Nenda."

Kwenye kioo, Bilali aligeuza uso. Alimtazama mkewe kwa muda, bila kushangaa, kama mtu aliyekuwa na habari zamani na alikuwa anangoja kuambiwa tu. Kisha akafanya lile alilolifanya kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi kwa miaka saba. Akafungua mkanda wa saa, akaivua, akaitia mfuko wa shati.

Kidole cha Mwanajuma kiligusa kioo bila yeye kukusudia, na simu ikapiga picha.

Aliifungua aiangalie. Ilitoka vizuri, mwanga mzuri, bahari nyuma, ncha ya Nyoka pembeni. Kiti kilikuwa kitupu. Aliikuza kwa vidole viwili, akaikuza tena hadi ikawa madoa tu. Aliinua simu mara nyingine akaielekeza pale, na kiooni pia kiti kilikuwa kitupu, na ubao wake umekauka. Kwa miezi minne na siku kumi watu walimwita mjane na yeye hakuwa. Sasa alikuwa.

Alikaa hadi ndoo ilipomwaga maji mara tatu. Kisha akaifungua ile kanga kwenye kiti, fundo lilikuwa limekaza na ilimbidi atumie meno. Akaikunja, akaitia mkobani. Akaingia kwenye kundi, akaweka ile picha, na chini yake akaandika: "Ndugu zangu, nilikosea. Meza namba tisa haina siafu na paa halivuji. Ndiyo meza nzuri kuliko zote hapa. Iko wazi. Wahini asubuhi."

Majibu yalianza kumiminika kabla hajaweka simu chini. Abdulswamad wa kwanza: "Jumamosi yangu hiyo! Naifunga kanga saa tatu kamili." Mwingine akauliza kama ina kivuli saa nane. Bi Ramani akamjibu kwamba ina kivuli saa zote.

Simu ikalia. Alikuwa Habiba, na hata kutoka kule getini sauti yake ilisikika pande mbili, simuni na hewani. "Wifi, mtoto ana njaa, tunakwenda kibanda cha nyuma. Uko wapi?"

Jibu la miaka yote lilimjia mdomoni lenyewe. Alilimeza.

"Bado nimekaa, wifi," alisema. "Sijainuka. Tangulieni mkale, msinisubiri."